Raketi Aliyomchagulia Binti Yake

Wasikilizaji wapendwa, jioni njema popote mlipo. Kama sufuria iko motoni, punguzeni moto kidogo. Kama mko barabarani kutoka Szeged, msiwe na haraka. Jioni hii tunaye mtu mmoja tu wa kumzungumzia, na tungependa tumzungumzie taratibu.

Tunamkumbuka Kornél Vadkerti. Fundi wa raketi za mpira wa meza. Kornél Vadkerti, yule wa duka dogo nyuma ya mabafu ya maji moto, hapa hapa mjini Makó. Alifariki wiki iliyopita, nyumbani kwake. Mkewe, Bi Gizella, alikuwa kando ya kitanda. Binti yao, Emese, alikuwa amekaa upande wa chini, amemshika miguu, kwa sababu mzee alisema inapata baridi.

Wengi wenu mlimjua. Wengi wenu mna raketi yake kabatini hadi leo. Lakini si wote mnaojua habari ya yeye na binti yake. Familia ndiyo iliyotuomba tuisimulie. Bi Gizella alituambia hivi: "Msimsifu tu. Watu wamemsifu vya kutosha makaburini. Semeni na lile lililomuuma." Basi, wasikilizaji wapendwa, tutasema yote mawili.

Kornél alizaliwa mjini hapa, mtoto wa seremala. Ujana wake aliupitisha katika kiwanda cha makabati, akibandika mbao nyembamba moja juu ya nyingine, tabaka juu ya tabaka. Jioni alicheza mpira wa meza. Alikuwa mshambuliaji. Hilo mlishike, kwa sababu lina kazi mbele. Kornél alikuwa mshambuliaji. Alisimama tumbo likikaribia kugusa meza, akapiga mpira ukiwa bado unapanda, akapiga tena, akapiga tena. Wenzake wa klabuni walisema alicheza kama mtu anayechelewa treni.

Na alikuwa hodari. Aliwahi kuitwa kwenye mchujo wa timu ya taifa. Akaenda na sanduku lake, akarudi na sanduku lake. Alikosa kidogo tu. Nyumbani hakulalamika. Alisema walimchukua kijana mwingine aliye bora, akaomba supu. Lakini Bi Gizella, wakati huo wakiwa wachumba, anasema supu ile aliikoroga mpaka ikapoa, na hakuinywa.

Kiwanda cha makabati kilipofungwa, yeye akafungua duka. Hapo ndipo jina lake lilipotoka Makó likaenda mbali. Watu walikuja kutoka Szeged, kutoka Orosháza, hata kutoka ng'ambo ya mpaka, Arad. Walikuja kwa jambo moja. Kornél alijua kumlinganisha mtu na raketi.

Kwa wale msiocheza, tuseme kidogo. Raketi ina vitu viwili. Kuna ubao, na kuna raba inayobandikwa juu ya ubao. Ubao upo mgumu na upo laini, upo wa kasi na upo wa pole. Raba nayo ipo laini inayouzungusha mpira, na ipo yenye vipele, vifupi au virefu, inayomrudishia mpinzani mzunguko wake mwenyewe. Ukichanganya vibaya, umejifunga kamba mwenyewe. Kornél alikuwa akisema ubao ndio tabia na raba ndiyo ulimi. Mtu mkali ukimpa ubao mkali na raba kali, atagombana hadi na wavu.

Mteja akiingia akataja raketi anayoitaka, Kornél hakumjibu. Alimpeleka nyuma ya duka, palipokuwa na meza moja, akampa raketi yoyote, akacheza naye. Hakuangalia mikono. Aliangalia miguu. Mpira ukija kwa nguvu, huyu anasogea mbele au anarudi nyuma? Kisha anauliza: unacheza wapi? Ukumbi wenu una baridi? Kuna mvuke? Kwa sababu katika ukumbi wa baridi sponji iliyo chini ya raba hukakamaa, mpira hufa. Na katika ukumbi wenye unyevu, raba laini huteleza. Ukumbi wetu wa Makó, mnaujua, umepakana ukuta na mabafu. Mvua ikinyesha, watu wakaingia na makoti yaliyolowa, raba laini mle ndani huwa kama sabuni.

Ottó Harmath, yule mwenye bucha sokoni, anakumbuka siku aliyoingia na raketi ya bei mbaya aliyoinunua Vienna. Ilikuwa ya kasi kupita zote. Na kwa raketi hiyo alikuwa akifungwa kila Jumapili na mama mkwe wake. Kornél alicheza naye mipira michache, akaishika ile raketi, akaigeuza, akamwambia kwa upole: "Ottó, umepanda farasi wa mbio kwenda kununua mkate. Duka la mkate umelipita zamani."

Ottó aliondoka na ubao wa pole na raba nyembamba. Anasema mama mkwe aliposhindwa mara ya kwanza, hakumsemesha mpaka Pasaka.

Huyo ndiye Kornél, wasikilizaji wapendwa. Alimtazama mtu kwanza, ndipo akachagua raketi. Mtu kwanza, raketi baadaye. Kwa kila aliyeingia mlangoni kwake alifanya hivyo. Isipokuwa kwa mmoja.

Emese alizaliwa Kornél na Gizella wakiwa wamekwisha kata tamaa ya mtoto. Alikua chini ya meza ya duka, kati ya vumbi la mbao na harufu ya gundi. Alipoweza kuona juu ya meza, baba yake akamchongea raketi. Hakumpeleka nyuma ya duka kumtazama. Alikwisha kuijua raketi hiyo kabla mtoto hajazaliwa. Ubao mgumu, wa kasi. Raba laini, sponji nene pande zote mbili. Ilikuwa raketi yake mwenyewe, ile aliyokwenda nayo kwenye mchujo, ila imepunguzwa mpini.

Na mtoto akacheza. Alikuwa na jicho, alikuwa na subira. Lakini mpira ukija kwa nguvu, alirudi nyuma. Hakuwa mwoga. Alirudi nyuma kama mpishi anavyorudi nyuma kutoka chunguni, apate kuona vizuri. Akautazama mpira ukishuka, ukishuka, karibu na sakafu, ndipo akaukata kutoka chini, taratibu, ukavuka wavu ukiwa mzito.

Kwa lugha ya mchezo, mtu huyo anaitwa mkataji. Anajilinda. Anarudisha, anarudisha, mpaka mshambuliaji achoke au akosee. Mkataji anahitaji ubao laini na raba ya vipele virefu upande mmoja. Kornél alikwisha kuwatengenezea wakataji wengi. Aliwajua kutoka mlangoni. Lakini binti yake mwenyewe Kornél hakumjua.

Au alimjua. Bi Gizella anaamini alimjua. "Ungekaa naye mezani ungeona," anasema. "Mtoto akirudi nyuma, Kornél alifumba macho."

Mazoezi yalikuwa ni neno moja tu: mbele. Mbele, Emese. Usimngoje. Mbele. Na mtoto alikwenda mbele, kwa sababu alimpenda baba yake. Alishinda mashindano ya shule, akashinda ya mkoa. Alishinda kwa kipaji tu, akiikokota raketi isiyo yake, kama mtu anayekimbia na viatu vya kakake. Watu wa mji walipiga makofi. Kornél aliamini makofi.

Klabuni kulikuwa na mwanamke mmoja wa makamo, Matild Ökrös, aliyekuwa akikata tiketi mlangoni mwa mabafu. Naye alikuwa mkataji, wa mtindo wa zamani. Kornél mwenyewe ndiye aliyemtengenezea raketi. Kornél akiwa dukani, Bi Matild alimwita Emese mezani, wakabadilishana raketi. Emese anasema mara ya kwanza kuishika ile raketi ya Bi Matild alihisi kama mtu amemtua mzigo. Mpira aliokuwa akipigana nao siku zote ulikuja mkononi wenyewe. Walicheza mpira mmoja muda mrefu sana, hata Bi Matild akaanza kucheka katikati ya kucheza.

Bi Matild alikwenda kwa Kornél. Alimweleza bila kuzunguka. Alisema yule mtoto si mshambuliaji, ni mkataji, tena mkataji wa kuzaliwa, na kwamba yeye Kornél ndiye angekuwa wa kwanza kuliona hilo kama mtoto angekuwa wa jirani.

Kornél alimjibu kwamba wakataji hawaitwi timu ya taifa siku hizi. Bi Matild akamuuliza ni nani anayetaka kuitwa. Kornél akarudi kwenye gundi yake.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tunafika siku yenyewe. Emese alikuwa na miaka kumi na sita. Mchujo wa vijana wa taifa ulipangwa kufanyika hapa nyumbani, katika ukumbi wetu, mwezi wa Novemba. Mji mzima ulijua. Akina mama walioka mikate midogo ya jibini, wakaileta na vikapu. Na mvua ilinyesha. Ilinyesha usiku kucha na asubuhi yote. Madirisha ya ukumbi yalikuwa yakichuruzika ndani.

Emese alipasha misuli, akapiga mipira michache, akaja kwa baba yake. Bi Gizella alikuwa amesimama hapo hapo, anakumbuka kila neno.

"Baba, leo raba inateleza."

"Ifute."

"Nimeifuta. Inateleza tena papo hapo. Bi Matild amesema nichukue yake. Yenye vipele haijali unyevu. Wewe mwenyewe ndivyo unavyowaambia watu."

Ni kweli. Ndivyo alivyowaambia watu. Asubuhi ile ile alikwisha kumshauri kocha wa timu ya Győr, mgeni kabisa, abadilishe raba za wachezaji wake kwa sababu ya mvuke. Na kocha yule akabadilisha.

Kornél alimtazama binti yake. Akasema: "Hukufika hapa kwa kurudi nyuma. Nenda mbele."

Akaenda mbele. Mpinzani wake alikuwa msichana wa Győr, mrefu, mtulivu. Mpira wa kwanza Emese aliuzungusha kwa nguvu zake zote, raba ikateleza, mpira ukaingia wavuni. Wa pili vile vile. Wa tatu ukapaa nje ya meza. Alifuta raba kwenye kaptula, akapulizia pumzi, akafuta tena. Seti ya kwanza ikaenda. Katikati ya seti ya pili, bila kufikiri, miguu yake ikamrudisha nyuma. Akaanza kukata. Kwa raketi ile ngumu, ya kasi, isiyofaa kabisa kwa kazi hiyo, akaanza kukata, na mipira ikaanza kurudi. Msichana wa Győr akakosea mara moja, akakosea tena. Kwa muda mfupi, wanasema waliokuwepo, walikuwa wanamwona mchezaji ambaye Makó haijawahi kuwa naye.

Ndipo Kornél akainuka kitini. Mbele ya watu wote, kwa sauti ya dukani isiyozoea kupaazwa, akasema: "Unakimbia nini? Meza inakuuma? Rudi mbele, usinitie aibu."

Emese alirudi mbele. Alipoteza seti ile, na mchezo ukaisha.

Alimpa mkono msichana wa Győr, akampa mkono mwamuzi. Kisha akaiweka raketi juu ya meza, katikati, kwenye mstari mweupe, akavaa koti. Hakulia, hakugombana. Nyumbani alikula. Kesho yake alikwenda shule. Ila mazoezini hakwenda, siku ile na siku zilizofuata, na Kornél alipomuuliza alisema ana masomo mengi. Baada ya majira ya baridi hakumuuliza tena.

Emese alisoma Szeged, akawa mtaalamu wa viungo hospitalini, mtu wa kuwafundisha wagonjwa kutembea upya, kushika kijiko upya. Aliolewa, akaachika, akalea mtoto wake wa kiume. Kila sikukuu alikuja nyumbani. Mtu asidhani walikosana. Walizungumza vizuri, yeye na baba yake. Walizungumza habari za vitunguu, za Mto Maros kujaa, za gari linalokataa kuwaka. Hawakuzungumza mpira wa meza. Akiingia dukani kumwita baba yake chakulani, alisimama mlangoni. Kule nyuma, penye meza, hakupiga hatua.

Miaka ilipita hivyo. Na Kornél aliendelea kuwatazama watu miguu na kuwapa raketi zao. Bi Gizella anasema kila mkataji aliyeingia alimwongezea mwaka mmoja usoni.

Halafu siku moja akaingia baba mmoja kutoka Hódmezővásárhely na binti yake mdogo. Yule baba alitaka ubao wa kasi, sponji nene. Alikuwa na mipango mikubwa. Kornél alimchukua mtoto nyuma ya duka. Alikaa naye huko muda mrefu kuliko kawaida. Aliporudi, alichukua ubao laini na raba ya vipele virefu, akaviweka mbele ya yule baba.

Yule baba alikasirika. Alisema hakutoka kote huko kuja kununua raketi ya bibi kizee. Alisema mtoto ni wake, anamjua. Mwisho akauliza: "Kwani wewe una mtoto?"

Bi Gizella alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Anasema yule mtu alikuwa tayari anakusanya vitu vyake.

"Ninaye," Kornél alisema. "Mimi nilimpa raketi yangu. Sijamwona akicheza tena."

Yule baba alimtazama binti yake. Kisha akatoka na raketi ya vipele.

Bi Gizella alimpigia Emese simu, akamsimulia. Emese alisikiliza, akasema, "Sawa, Mama." Akauliza kama maji ya mto yamepungua.

Kwa nini Kornél hakumwambia mwenyewe? Tulimuuliza Bi Gizella. Alisema mumewe aliwahi kwenda Szeged kwa basi kwa ajili hiyo hiyo, akakaa jikoni kwa Emese, akarekebisha mlango wa kabati uliokuwa ukining'inia, akanywa kahawa, akarudi. Alipoulizwa umesema nini, akajibu kwamba kabati sasa linafunga.

Wasikilizaji wapendwa, ugonjwa ulianza kwenye kidole gumba. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka akiwa amekaa tu. Kisha mkasi ukawa hauendi sawa kwenye raba. Daktari aliutaja ugonjwa, ule wa kutetemeka na kukakamaa, ambao hauponi. Kornél alifunga duka. Aliuza mashine ya kukandamiza mbao, akaacha kabati la mbao za raketi, na meza, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuitoa mlangoni. Akakaa dirishani, mkono wa kulia ameukalia ili watu wasiuone.

Emese alianza kuja kila mwisho wa wiki. Kazini kwake wagonjwa wa aina hiyo wanachezeshwa mpira wa meza. Si mzaha. Mkono unaotetemeka ukipumzika, mara nyingi hutulia ukiwa na kitu cha kufuata. Kwa miaka mingi Emese alikuwa amewachezesha wagonjwa. Baba yake hakujua. Bi Gizella naye hakujua. Alikuwa hajamwambia mtu wa Makó.

Jumamosi moja alimwambia baba yake waende nyuma ya duka. Mzee alikataa. Alisema hataki kujiaibisha mezani. Emese akamwambia: "Hakuna anayetaka kushinda, Baba. Simama pale. Ngoja nikutazame kwanza."

Kornél akasimama. Emese akamrushia mpira, polepole, na akatazama miguu yake.

Miguu haikuwa inakwenda mbele tena. Yule mtu wa kuchelewa treni sasa alisimama mahali pamoja, akingoja. Alijaribu kupiga kwa nguvu kama zamani, akayumba, akashika meza. Emese alitazama mpaka akaona vya kutosha. Kisha akafungua lile kabati la mbao za raketi, akachagua.

Alichagua ubao laini, wa pole. Mpini akaufunga kitambaa unenepe, mkono usilazimike kubana. Upande mmoja akabandika raba ya vipele virefu, kwa sababu kwa hiyo mtu hahitaji kuzungusha kifundo cha mkono. Anaweka tu raketi njiani, na mpira unarudi wenyewe. Mzee alikaa kwenye kigoda, akimtazama anavyopaka gundi.

"Nyingi mno," akasema.

"Najua."

"Kama unajua, mbona unapaka?"

"Kwa sababu fundi aliyenifundisha hakunifundisha upande huu."

Bi Gizella alikuwa akisikiliza kutoka dukani, na anasema alidhani nyumba itaanguka. Haikuanguka. Mzee alicheka kidogo, kicheko kikavu.

Walicheza majira yote ya baridi yaliyopita. Kila Jumamosi na Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Wote wawili mbali na meza, wote wawili wakikata. Emese aliishika ile raketi ya Bi Matild, aliyoachiwa na mama huyo alipofariki, na ambayo alikuwa ameiweka Szeged muda wote huo. Kornél alijifunza kungoja. Alijifunza kuuacha mpira ushuke. Mtu aliyekuwa akifumba macho binti yake akirudi nyuma, sasa alimwona akirudi nyuma kwa mara ya kwanza macho wazi, na hakuchoka kumtazama.

Siku moja mwezi wa Februari walicheza mpira mmoja muda mrefu hasa. Ulipokwisha, Kornél aliweka raketi mezani, akakaa.

"Ungekuwa bora kuliko mimi," akasema.

"Najua, Baba."

"Nilijua na mimi. Siku ile ya mvua nilijua. Hata kabla."

Emese aliokota mpira, akaufuta, akamwuliza kama amechoka. Mzee akasema hapana. Wakaendelea.

Mwezi wa Machi mzee alipata homa ya mapafu. Hakurudi mezani. Aprili tukampoteza.

Tulimuuliza Emese kama alimsamehe baba yake. Alikaa nasi hapa studio, mtu mpole, sauti ya chini. Alisema hivi, na tunamnukuu kama alivyosema: "Nilimsamehe zamani, kabla hajaniomba. Hiyo haikuwa kazi ngumu, alikuwa mtu mwema. Kinachoniuma ni kwamba tulicheza vizuri sana, mimi na yeye. Tulielewana mno mezani. Na tulipata msimu mmoja tu wa baridi. Tungeweza kupata yote."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii tunatoa pole kwa Bi Gizella Vadkerti, kwa Emese na mwanawe, kwa ndugu wote wa familia, na kwa wanaklabu wa mpira wa meza wa Makó waliolibeba jeneza. Mungu awape nguvu, na ampumzishe Kornél.

Nasi tuliobaki tujiulize kidogo, kabla ya kuzima redio. Yuko mtu nyumbani mwako ambaye ulikwisha kumchagulia kabla hujamtazama. Mtoto, au mke, au mwanafunzi. Wageni tunawapa subira. Tunawauliza wanacheza wapi, kuna baridi, kuna mvuke. Wa nyumbani tunamwambia nenda mbele. Kesho asubuhi mtazame anaposimama. Mtazame tu. Ukiona umekosea, usiende kurekebisha kabati. Sema.

Tunawaachia sauti moja. Emese aliirekodi kwa simu yake, Jumapili moja ya mwezi wa pili, akaturuhusu tuirushe. Mtasikia mpira ukigonga meza polepole, upande huu, upande ule. Haugongi kwa nguvu. Unakwenda muda mrefu. Kisha unaanguka sakafuni, unaruka-ruka, unatulia, na mtamsikia Mzee Kornél, pumzi imempungua kidogo, akiuliza neno moja tu:

"Tena?"